Miwani ya Mkuu wa Fedha

Mkuu yule wa fedha hakuwahi kumwambia mtu hapana. Blandine, mwanafunzi, aliliona hilo mapema, maana chuo chake kilimtuma akae pembeni ya meza ya mzee huyo, pale katika ofisi za Kilibula, achunguze kazi ya wakuu wa fedha. Mtu akiomba pesa, mzee huvua miwani, huipulizia pumzi, kisha huifuta kwa tai polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. Siku moja mkurugenzi mwenyewe akaingia kwa kishindo: “Papa, motokari mupya itafika lini?” Miwani ikavuliwa. Kikafutwa kioo hiki, kikafutwa kile, kisha hiki tena. “Bon, ile ya zamani iko inatembea bado,” mkurugenzi akajijibu, akaondoka.

Blandine alipotetea utafiti wake, profesa alimkazia macho: “Mademoiselle, sasa hii yote itatusaidia nini?”

Blandine akavua miwani yake, akaipulizia.

“Bon,” profesa akasema, “tupite ku swali ingine.”