Namba Inayoishia na Arobaini na Saba

Waraka ulisema hivi, na aliyeuandika alikuwa na kalamu nzuri: kuanzia muhula ule, masomo yote, mazoezi na kazi za wanafunzi zitahifadhiwa kwenye wingu, na kwa sababu hiyo elimu haitategemea tena mtu mmoja, chumba kimoja wala kifaa kimoja. Mkuu wa shule aliusoma mstarini. Wanafunzi wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wamesimama juani nusu saa na makofi kwa kawaida ndiyo mwisho. Wachache walitazama juu.

Aliyeubandika waraka ule ukutani ni karani wa shule, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, aliyeanza kazi enzi za taipureta na amepitia mifumo minne, yote ya mwisho na ya kudumu. Ni mtu mwoga, na hasemi vinginevyo. Akifunga ofisi hurudi kuhakikisha amefunga, kisha hurudi kuhakikisha kwamba alirudi. Katika miaka thelathini na moja hajapoteza hata cheti kimoja, na hakuna aliyewahi kumsifu kwa hilo. Kitu kisichopotea hakionekani.

Mfumo wa wingu ulisimikwa na mwalimu wa fizikia, kwa sababu ndiye aliyekuwa haogopi nyaya. Fomu ilidai namba ya simu ya mtu atakayekuwa akipokea tarakimu sita za kufungulia kila mfumo unapotilia shaka anayeingia. Mkuu alisema yake isiwekwe, watu wa matangazo wangemsumbua. Mwalimu wa fizikia akaweka yake. "Nitaibadilisha wiki ijayo," alisema. Miezi kumi na moja baadaye aliugua siku nne, akafa. Shule nzima ilikwenda kumzika. Fomu hakuna aliyeikumbuka.

Wiki tatu baada ya mazishi, kioo cha kompyuta kilimwandikia karani kwamba tarakimu zimetumwa kwenye namba inayoishia na arobaini na saba. Aliijua. Alikaa akiitazama mpaka chai yake ikapoa, kisha akaenda kwa mjane.

Mjane ni fundi cherehani, mama wa mapacha, na wote humwita Mama Pacha. Simu ya marehemu alikuwa ameiweka ndani ya kopo la vifungo, ikiwa imewashwa na ina chaji. Kuizima hakuambiwa na mtu, na kwa upande wake hakuona kama ni kazi yake. Toka siku hiyo wakawa na utaratibu. Mfumo ukiwa na shaka, karani hupiga simu, Mama Pacha husogeza cherehani, hufungua kopo na kusema, "Dada, mume wangu kakuandikia." Kisha humsomea tarakimu sita. Mwanzoni karani alikuwa akitetemeka. Baadaye aliendelea kutetemeka, ila kwa mpangilio.

Hivyo ndivyo shule yenye wanafunzi mia tisa ilivyosoma mtandaoni kwa miaka miwili. Masomo yalirekodiwa, mazoezi yakasahihishwa, wageni wakaja shuleni kujifunza. Karani hakumwambia mkuu. Aliogopa ataambiwa afanye jambo.

Jumatano moja radi ilipiga na kompyuta ya ofisi ikaungua. Kwa waraka, hilo halikuwa neno: kifaa kikiungua, wingu lipo. Alhamisi ikaletwa kompyuta nyingine. Ndani ya wingu zilikuwamo kazi za vitendo za watahiniwa mia moja themanini na sita, na zilitakiwa kuwasilishwa Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Asiyewasilishiwa angehesabiwa hakufanya. Mapacha wa marehemu walikuwa miongoni mwao.

Kompyuta mpya haikumjua karani. Ikatuma tarakimu. Karani akapiga simu ya Mama Pacha.

"Hajaandika," alisema Mama Pacha.

"Angalia vizuri."

"Nimeishika mkononi, dada. Kimya."

Karani akaipigia namba yenyewe. Sauti ya mwanamke mwenye adabu ikamjibu kwamba namba hiyo haipatikani. Karani akaikata. Alifunga ofisi, akarudi kuhakikisha, akaenda kwa miguu haraka kiasi kwamba mlinzi wa getini alisimama kumpisha.

Mama Pacha alikuwa ameiweka simu juu ya meza ya kukatia nguo, kando ya mkasi. Karani aliifungua, akarudi nyuma kwenye ujumbe. Kati ya tarakimu na tarakimu kulikuwa na ujumbe wa kampuni ya simu, mara tatu: kuanzia mwaka huu, laini isiyopiga simu yoyote kwa siku tisini hufungwa.

"Mama Pacha, huu hukuuona?"

"Niliuona umeingia."

"Hukuusoma?"

"Mimi nasoma namba tu, zile unazoniomba. Ya maneno sisomi. Hizo ni barua zake."

Karani aliirudisha simu kando ya mkasi. Katika maisha yake yote ya ofisi alikuwa hajakutana na mtunza siri bora kuliko huyu, na sasa ndiye angewazika watahiniwa mia moja themanini na sita.

Walikwenda pamoja kwenye duka la kampuni ya simu. Dada wa kaunta aliandika namba, akasoma jina kwenye kioo chake.

"Mwenye laini aje mwenyewe na kitambulisho."

"Hawezi kuja," alisema karani.

"Anaumwa?"

"Aliumwa."

"Basi akipata nafuu aje."

Mama Pacha alitoa karatasi za kukatia mitindo kwenye mkoba, akazikunjua moja moja, na ndani yake kulikuwa na cheti cha kifo. Akakiweka juu ya kaunta na kukilainisha kwa kiganja, kama kitambaa kinachosubiri chaki. Dada wa kaunta alikisoma, akaiona tarehe, akaangalia tena kioo chake.

"Ana miaka miwili hayupo, na ujumbe anapokea?"

"Anapokea," alisema Mama Pacha. "Kujibu ndiyo hajibu."

Dada wa kaunta hakucheka. Aliuliza namba hiyo ina kazi gani. Karani akamweleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, na idadi ya watahiniwa akaitaja mara mbili. Dada wa kaunta akaanza kujaza fomu. Laini ingehamia kwa mjane, namba ikiwa ileile. "Mngekuja kesho kutwa, ingekuwa imerudi sokoni," alisema. "Angeuziwa mtu mwingine. Subirini saa ishirini na nne."

Karani alihesabu kwa vidole chini ya kaunta. Zilikuwa zikiishia Ijumaa, saa tisa kasoro robo.

Ijumaa Mama Pacha alihamia ofisini na sketi mbili za kupinda. Simu iliwekwa katikati ya meza, juu ya daftari la mahudhurio. Saa sita, kimya. Saa saba karani alikwenda msalani na kurudi mara mbili bila haja. Alikuwa ameshaianza kichwani barua atakayowaandikia wazazi, na hakuweza kupita sentensi ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ndiyo iliyotakiwa kueleza nani alikuwa akitunza ufunguo. Mkuu alichungulia mlangoni.

"Kazi za watahiniwa zimeshakwenda?"

"Zinakwenda, Mkuu."

"Vizuri. Huo ndio uzuri wa wingu." Akaondoka.

"Umemdanganya," alisema Mama Pacha bila kuinua macho kwenye sindano.

"Bado sijajua."

Saa tisa na dakika tano simu ilitetemeka juu ya daftari: laini imefunguliwa. Karani akabonyeza, tarakimu zikaombwa upya. Mama Pacha akaweka sindano chini.

"Mume wangu kakuandikia."

Karani alikosea mara ya kwanza. Kidole kiligusa nane badala ya tano. Kompyuta ikamwonya kwamba amebakiza nafasi mbili. Akaomba asomewe tena, tarakimu moja moja, na kila moja akairudia kwa sauti kabla ya kuigusa. Mlango wa wingu ukafunguka. Kazi zote zilikuwamo, hata moja haikuwa imepungua. Kwa hilo waraka ulisema kweli. Ya mwisho iliondoka saa kumi kasoro dakika sita.

Jumatatu, kwa mara ya kwanza, karani alimwambia mkuu kila kitu. Mkuu alisikiliza, akashika paji la uso, akasema namba lazima ibadilishwe mara moja. Karani akauliza iwekwe ya nani.

"Yako."

"Nastaafu mwakani, Mkuu. Weka yako."

"Mimi nasubiri barua ya uhamisho. Weka ya mwalimu yeyote."

"Walimu nao wanahamishwa."

Mkuu akaipitia orodha ya walimu ukutani. "Kwa kweli," alisema mwishowe, "marehemu ndiye pekee asiyehamishwa."

Namba ikaachwa ilivyo, kwa muda.

Siku hizi, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, simu ya karani huita na kioo huonyesha "Mwalimu Fizikia". Ni Mama Pacha, anapiga ili laini isife. Karani hupokea ikiita mara ya kwanza. Wanaulizana hali, wanakata. Mwezi huu Mama Pacha aliongeza kwamba dada yake amemwita kijijini wakaishi pamoja, na huenda akakubali mapacha wakimaliza mitihani. Karani aliuliza huko mtandao ukoje. Mama Pacha alimtuliza kwamba unapatikana vizuri tu, mtu akipanda juu ya tangi la maji.