Begi Halikuweka Nadhiri

Baba yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi Fumua. Hawezi kuona mshono mbovu akaunyamazia. Siku mchumba wangu alipokuja nyumbani kwa mara ya kwanza, baba aliinama, akakamata pindo la suruali ya mgeni, akatoa mkasi mfukoni akaanza kufumua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mume wangu mpaka leo haji kwetu ila kwa suruali iliyoshonwa na baba mwenyewe.

Jambo la pili, hapokei msaada wa mtu. Ukimbebea hata chupa ya chai mtagombana. "Mkono wangu umekatika?" atakuuliza.

Mama alipolazwa na madaktari wakaanza kusema nasi kwa sauti ya chini, baba aliweka nadhiri pale pale wodini: "Mke wangu akitoka humu kwa miguu yake, nitakwenda kushukuru mahali patakatifu kwa miguu yangu." Mama akatoka, ameniegemea, anaburuta kandambili, lakini kwa miguu yake. Tukamsihi baba apande basi.

"Mama yako pale wodini alipanda basi? Ahadi ni deni."

Akashona kitambaa cheupe cha meza ya ibada, kazi ambayo sijaiona mfano wake, na begi la kukibebea. Kisha akaharibu. Viatu vyake akavitia bitana ya turubai ngumu, na kisiginoni akapiga mshono mara mbili ili visimfie njiani. Kosa hilo angelifanya fundi cherehani tu. Hajafika hata nusu ya njia, ule mshono ulikuwa umemla visigino mpaka damu.

Alikaa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeziba pancha. Mama yule akachungulia ndani ya kiatu.

"Baba, nani kakushonea hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Umeshona vizuri mno. Ndiyo maana huna visigino."

Akachukua wembe wake, akafumua bitana yote. Fundi Fumua akafumuliwa, na alitusimulia mwenyewe huku akicheka. Dereva wa lori la maji aliyekuwa akingoja gurudumu lake akamwambia apande, wanakwenda njia moja. Baba akakataa, nadhiri ni ya miguu.

"Sawa mzee, tembea. Na begi nalo liliweka nadhiri?"

Ndani ya begi mlikuwa na kitambaa, na kikipotea angefika mikono mitupu. Lakini mbele kulikuwa na mlima, na kamba ya begi ilikuwa ikimkata bega. Mtu asiyeachia chupa ya chai akaachia begi. Dereva akasema ataliacha kwa muuza mkaa, chini ya mlima.

Alipochechemea mpaka kwa muuza mkaa, begi halikuwepo.

"Nimempa muuguzi mmoja, ana pikipiki," yule bwana akasema. "Ungelipandishaje mlima na miguu hiyo? Kaa, tia miguu humu." Akamsogezea beseni la maji ya chumvi.

"Nani kakuruhusu?" baba akafoka. Alifoka huku miguu imo ndani ya beseni, na usiku ule alilala kwenye kitanda cha yule bwana, mwenyewe akalala chini.

Toka hapo alitembea kwa hofu, akiulizia. Ila kila alikopita watu walimtangulia kuuliza: "Wewe ndiye mzee mwenye begi? Limeshapita, wahi!" Huyu anampa maji, yule anamfunga kidonda. Hakuna aliyemjua.

Langoni kabisa pa mahali patakatifu, mlinzi alitoka kibandani na begi mkononi. Kitambaa kilikuwa salama, kimekunjwa kama alivyokikunja. Kamba tu ilikuwa imekatika njiani, na mtu asiyejulikana ameishona kwa uzi wa magunia, mishono mirefu iliyopinda, kila mmoja umeshika njia yake. Mkono wa baba ukaenda mfukoni kutafuta mkasi. Ukaishia humo humo. Baba yangu alilia mbele ya mlinzi, kisha akaingia, akatandika kitambaa chake. Alikuwa ametembea njia yote.

Ninajidai naye, wala sifichi.

Begi linaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Juzi bibi mmoja aliyekuja kupimwa gauni akaiona ile kamba, akaangua kicheko.

"Fundi Fumua! Na huo mshono nao ni wako?"

Baba hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Hapana, bibi. Mimi sijafikia ufundi huo."