Mama Thuo na Ile Bendi ya Finland

Jumamosi moja mama wa kanisa alibisha mlango wangu pale Uthiru, kitambaa kichwani, Biblia kwapani, akaniambia:

"Makau, nimekuja unifundishe nyimbo za shetani."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Umesema nini, mum?"

"Zile za Thuo. Fungua mlango vizuri niingie."

Nikafungua. Wewe ungefanya nini?

Wacha niwaambie huyu mama alikuwa nani, ndio muelewe kwa nini nilishtuka hivyo.

Alikuwa Mama Thuo wa Kinoo. Mjane, anafuga ng'ombe, na kwenye kwaya ya kanisa lao yeye ndiye alikuwa anaanzisha wimbo. Mtoto wake Thuo alikuwa beshte yangu kuliko ndugu zangu wa kuzaliwa.

Na Thuo tulikuwa tumemzika mwaka huo huo, 2007.

Mimi na Thuo tulipatana tao, katikati ya Nairobi, kwa duka la Dilip, Mhindi fulani aliyekuwa anauza kaseti na CD karibu na Biashara Street. Binamu yake Dilip alikuwa Uingereza, na kila akija likizo alileta boksi la muziki ambao hakuna mtu Nairobi alikuwa anauliza.

Wakati huo ilikuwa muziki wa genge na kapuka kila kona. Ukimwambia msee unasikiza metal, ule wa gitaa nzito, anakuuliza kama umeokoka ama umerogwa.

Siku hiyo tuliingiza mikono kwenye boksi moja, tukashika CD ile ile.

"Niaje," Thuo akaniambia. "Hiyo ni yangu. Lakini twende uskize kwetu."

Ilikuwa ya bendi ya Finland inaitwa Hallavirta. Gitaa za kukwaruza, ngoma za kukimbizana, halafu juu ya hizo zote fidla kama hamsini na msichana anaimba kama yuko kwenye kanisa kubwa la mawe.

Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Nilikaa kwenye kitanda cha Thuo mdomo wazi kama mjinga.

Kutoka siku hiyo tukawa wawili.

Thuo alijua historia ya hiyo bendi vile wazee wanajua ukoo. Ukimpa nafasi anaanza mwanzo. Ukimkatiza anarudi mwanzo tena.

Shida ikaanzia kanisani.

Kulikuwa na semina ya wazazi kuhusu kuabudu shetani. Miaka hiyo hizo habari zilikuwa zimeshika watu sana. Pasta akataja muziki wa gitaa nzito. Mama Thuo akakumbuka mabango yaliyo ukutani kwa mtoto wake, wazungu wenye nywele ndefu na nguo nyeusi.

Akarudi nyumbani moja kwa moja. Akakusanya CD, kaseti, mabango, tisheti. Akaweka nyuma ya zizi la ng'ombe, akamwaga mafuta ya taa.

Thuo alifika kutoka job akakuta moto umeshika.

Hakupiga kelele. Hakumgusa mamake. Alisimama hapo mpaka plastiki ikayeyuka yote, akaingia ndani, akatoka na begi.

Ndio akaja kuishi na mimi Uthiru.

Kutoka Uthiru hadi Kinoo si mbali, unaweza kutembea. Lakini hao wawili hawakuongea tena. Mama alikuwa anatuma salamu na Ciru, dadake Thuo. Thuo anajibu, "Mwambie niko poa." Basi.

Mimi nilimwambia, "Buda, enda umwone mathe."

"Nitaenda. Wacha kwanza roho ipoe."

Haikupata muda wa kupoa. Jioni moja, akivuka Waiyaki Way akitoka job, lori likamgonga. Aliaga dunia hapo hapo kando ya barabara, na mimi nikafika nikiwa nimechelewa.

Alikuwa amevaa visikizio masikioni.

Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri ya mazishi. Pasta alisimama mbele ya jeneza akasema kijana alikufa sauti ya adui ikiwa masikioni mwake, na vijana wengine wajifunze. Watu wakaitika amina.

Nilimwangalia Mama Thuo. Hakuitika. Alikuwa anaangalia jeneza tu, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

Sasa huyo ndiye mama aliyeketi kwangu Jumamosi hiyo, Biblia magotini.

"Mum," nikamwambia, "una uhakika?"

"Sikiza, Makau. Nilichoma kitu sijawahi hata kusikia. Wacha nisikie."

Nikaweka CD yangu kwa redio. Nikachagua wimbo wa mwendo wa pole kidogo, lakini hata huo ulianza na ngoma kama mawe yanamwagwa kwenye mabati.

Mama akafumba macho. Akashika Biblia kwa nguvu.

Halafu yule msichana akaanza kuimba.

Mama akafungua macho polepole.

"Huyu ni mtu wa kwaya," akasema.

"Ndio. Anaitwa Annikki. Alianzia kwaya ya kanisa."

"Najua. Sikia vile anameza pumzi. Hiyo mtu hufunzwa kanisani." Akageuka akaniangalia. "Kwa nini hakuna mtu aliniambia ni mtu wa kwaya?"

Nikapunguza sauti ya redio.

"Haya," akasema. "Niambie hawa watu ni kina nani."

Basi nikaanza mwanzo, vile Thuo alikuwa anaanza.

Nikamwambia walitoka mji mdogo sana, karibu na Urusi, mahali ziwa linaganda watu wanatembea juu yake. Kijana mmoja aliitwa Ilmari, alikuwa anapiga kinanda. Annikki alisoma naye darasa moja. Hawakuwa na mahali pa kufanyia mazoezi, wakapewa jumba kuukuu lililokuwa la kukusanyia maziwa.

"La maziwa?" Mama akauliza.

"Eeh. Thuo alikuwa anapenda sana hapo. Alikuwa anasema, hawa ni watu wetu, wanajua harufu ya maziwa yakiganda."

Mama akaangalia chini. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Endelea."

Nikamwambia vile albamu ya kwanza hakuna mtu wa kwao aliitaka. Watu wakasema huwezi kuchanganya fidla za kanisa na kelele za gitaa. Ilibidi waende Ujerumani ndio wapate wa kuwasikiza. Ya pili ikawatoa, wakapata jina. Wakazunguka dunia.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Na iliyofuata.

Alikuwa anakuja baada ya mazoezi ya kwaya, anabeba maziwa kwa chupa, anaketi kiti kile kile. Sasa alikuwa anaweza kutofautisha gitaa ya kwanza na ya pili. Kuna nyimbo alikuwa anakataa kabisa. "Hii hapana. Hapa wanapigana tu." Nyingine anaomba irudiwe, anatafuta sauti ya chini ya kumsindikiza Annikki, anaimba polepole bila maneno.

Majirani zangu walikuwa wanachungulia. Mama wa kitambaa na vyuma vinapigwa ndani ya nyumba. Hata mimi ningechungulia.

Tukafika 2004, mahali historia inakuwa mbaya.

"Ilmari na Annikki walikosana," nikamwambia. "Watu husema vitu tofauti. Shoo moja iliisha, Annikki akatoka na mlango wa nyuma, hakurudi. Bendi ikanyamaza miaka kadhaa."

"Hawakuongea tena?"

"Hadi leo, mum."

"Hata simu?"

"Hata simu."

Nje mtu alikuwa anaita mtoto wake akaoge.

"Na Thuo alisema nani alikuwa na makosa?"

Nikafikiria nimdanganye. Nikaamua hapana.

"Alisema kila mtu alikuwa anangoja mwenzake aanze."

Mama Thuo alisimama, akafunga kitambaa upya, akaenda bila kumaliza chai. Nikajua ameenda kabisa.

Lakini Jumamosi alirudi. Na habari mpya.

Kumbe kanisani walikuwa wamepata stori kwamba anaenda kusikiza muziki wa shetani kwa kijana Uthiru. Wazee wakamwita. Wakamwambia achague. Na hadi achague, asianzishe wimbo.

"Ukawaambia nini?" nikauliza.

"Niliwaambia mlinituma nichome, nikachoma. Mtoto akaenda. Mkamzika na maneno mabaya, nikanyamaza. Sasa mnataka nini kingine kwangu?" Akavua viatu, akanyoosha miguu. Alikuwa amekonda siku hizo, na ngazi za kuja kwangu zilikuwa zinamtoa jasho. Nikasema ni kuomboleza. "Niwekee ile ya fidla nyingi."

Siku hiyo nikamwambia kitu ambacho nilikuwa nimeficha. Hallavirta walikuwa wamepata mwimbaji mwingine. Albamu mpya ilikuwa imetoka, na Thuo alikuwa ameingoja kama mtoto anangoja Krismasi. Alikufa kabla haijatoka.

"Iko wapi?"

"Labda kwa Dilip, tao."

"Twende."

Tukaenda. Mama Thuo akaingia duka la Dilip akasimama katikati ya hayo maboksi, mkoba ameshika kwa mikono miwili.

"Mama, nikusaidie? Gospo iko upande ule," Dilip akamwambia.

"Mimi ni mama ya Thuo."

Dilip akaacha alichokuwa anafanya. Alikuja mazishini, lakini alikuwa amesimama mbali. Akainama chini ya kaunta, akatoka na CD ikiwa bado kwa karatasi yake ya nailoni.

"Hii alikuwa ameagiza," akasema. "Ilifika nikiwa nimeshasikia habari. Nilishindwa kuiuza, mama. Chukua. Ni yake."

Mama akaipokea. Akaiangalia mbele na nyuma, akaifuta na kitambaa chake ingawa haikuwa na vumbi.

Tukarudi Uthiru tukaisikiza yote bila kuongea. Ilipoisha akasema:

"Huyu mpya si Annikki."

"Hapana, si Annikki."

"Lakini anajaribu. Amepewa viatu vya mtu na anajaribu. Thuo angempenda?"

"Angelalamika wiki nzima, mum. Halafu angempenda."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Ilikuwa ni sauti ya Thuo kabisa, ile ya kuanzia puani, na ndio ikawa mimi ninayelia.

Jumamosi iliyofuata hakuja.

Wala nyingine.

Nikasema, sawa, kanisa limemshinda. Na sikumlaumu. Ni watu wake wa miaka yote, mimi ni kijana tu mwenye redio. Lakini niliumia, sitadanganya.

Halafu Ciru akanipigia.

"Makau, mum anakuuliza. Njoo Kinoo. Usikawie."

Nilimpata amelala chumba cha mbele, amebaki kidogo sana kwenye blanketi. Macho yalikuwa yale yale.

Ciru akanivuta kwa mlango kabla sijaingia.

"Ni kansa. Ya tumbo. Hakukuambia?"

"Hapana! Alijua lini?"

"Kitambo. Daktari alimwambia hakuna kitu kitafanyika tena. Ile Jumamosi ya kwanza alikuja kwako, alikuwa ametoka kuambiwa hiyo wiki."

Wasee, nilishika fremu ya mlango.

Muda huo wote nilidhani namsaidia mama kuomboleza. Kumbe alikuwa anajitayarisha.

Nikaingia, nikaketi karibu naye.

"Mum, kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kunionea huruma. Ungeniwekea zile nyimbo za pole tu."

Nikajaribu kucheka. Ikakataa.

Akashika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa moto.

"Makau, mimi naamini nitamwona Thuo. Pasta anaweza kusema vile anataka juu ya mahali Thuo ameenda. Mimi nilimzaa, najua." Akapumzika kidogo ndio aendelee. "Na nilikuwa najiuliza, nikifika, nitamwambia nini? Tuanze na ule moto? Mtoto ametulia huko, halafu mimi nifike na moto? Nikasema hapana. Wacha nipate kitu chake cha kumwambia."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia ile albamu ilitoka. Nitamwambia huyo msichana wa pili anajaribu, asimchukie." Akatabasamu. "Yeye hajaisikia. Mimi nimeisikia. Atabidi aniulize."

Hapo nikashindwa. Niliweka kichwa kwenye blanketi yake nikalia kama mtoto, na yeye, mgonjwa, ndiye alikuwa ananipapasa kichwa.

Alienda siku chache baadaye, asubuhi, Ciru akiwa amemshika.

Kwa mazishi, kwaya ilikuja. Wengi wao walikuwa wanalia kweli, maana walimpenda. Wakafika pale pa kuanzisha wimbo, wakaangaliana. Hakuna aliyejua nani ataanza. Ilikaa kimya muda mrefu sana, mpaka Ciru mwenyewe akaanzisha, sauti imepasuka, nao wakamfuata.

Pasta alihubiri kwa ufupi. Hakutaja muziki.

Tulimzika kando ya Thuo.

Mwaka wa 2009 nilikuwa kwa saiba moja, duka la intaneti, Kenyatta Avenue, nasoma habari zangu, nikaona Hallavirta wametangaza. Yule mwimbaji wa pili naye ametoka. Wanatafuta wa tatu.

Nilitoa simu mfukoni haraka, kidole kikaanza kutafuta jina.

Nikasimama hivyo na simu mkononi. Watu wawili tu Nairobi hii wangeshtuka na hiyo habari, na wote wako Kinoo chini ya udongo.

Nilirudisha simu nikatoka nje, nikatembea hadi stendi bila kuona mtu.

Wewe unayesoma hii, kuna mtu kwako anapenda kitu usichokielewa. Pengine ni muziki, pengine ni mchezo, pengine ni mtu. Usikichome. Keti naye chini umwambie aanze mwanzo, na umwambie leo, akiwa bado anaweza kukujibu.