Paka wa Bi Khatoon na Msimu wa Viazi

Katika kuzunguka kwangu Mji wa Kale, mlango ninapotua zaidi ni wa Bi Khatoon, mjane wa Kihindi anayepika kababu na kuziuza barazani pake. Kaskazi ikivuma, bahari hutulia na jodari huwa rahisi, basi hupika kababu za samaki. Thoya humletea samaki kwa mkokoteni kutoka bandari ya wavuvi ya Liwatoni, na vichwa na matumbo Bi Khatoon alikuwa akiwatupia paka wa uchochoroni, akiamini anachuma thawabu. Kusi ikiingia, bahari huchafuka, samaki huwa ghali, naye hugeukia kababu za viazi. Wateja huzila vilevile. Paka je? Hilo hakuwahi kulifikiria.

Kaskazi ya mwaka jana ilikuwa ya neema. Paka walinenepa, wakazaa, na waliokuwa bado wananyonyesha washabeba mimba nyingine. Bi Khatoon alifurahi, akawapa wadogo majina ya viungo: Jira, Iliki, Manjano. Kisha kusi ikaja na masika yake, vichwa vikaisha. Paka hawali maganda ya viazi. Walikaa mlangoni wakimtazama, maana hawakuzoea kula kwingine. Wadogo wakaanza kuokotwa mtaroni wamekufa. Jira alikutwa chini ya ngazi.

Jirani yake, Lubaba, alimkuta akifagia hapo, akamwambia taratibu, "Shoga, walipokuwa wanene walikuwa paka wako. Sasa wanakufa, wamekuwa wa mtaa?"

Tangu hapo usingizi ukampaa. Aliniambia kwamba laiti asingewalisha vile, wangezaliwa wachache, na hao wachache wangejitafutia panya.

"Mimi ndiye niliyewaita duniani," alisema, "kisha nikawafungia mlango."

Nilimwambia Mungu aijua nia. Akanijibu kwamba nia haikuwashibisha.

Kaskazi iliporudi, ndoo ya vichwa haikumwagwa tena. Paka aliwapa kidogo tu. Vingi alimrudishia Thoya awapelekee wavuvi wafanye chambo, na vingine akavianika juu ya paa bila chumvi, mpaka Lubaba akalalamika kwamba kanga zake zanuka kama soko la samaki. Paka wakalia mlangoni kutwa. Wapita njia wakamwita mchoyo. Hata Thoya alimtania, "Mama, mwaka huu paka nao wafunga?" Alijifuta mikono, akaingia ndani, na nilipomfuata na kikombe changu cha kahawa nilimwona amewapa mgongo wote wawili, Thoya na paka, machozi yamemlenga.

Kusi ya mwaka huu nilipita tena. Vitoto vilikuwa vichache, vyembamba, lakini vyatembea. Bi Khatoon alikuwa akitwanga vichwa vikavu na kuvilainisha kwa maji ya wali. Nikamwambia, "Dada yangu, safari hii hujazika hata mmoja."

Aliendelea kutwanga kidogo, kisha akaniuliza, "Na wale ambao hawakuzaliwa kwa kuwa niliwabania mama zao? Hao nao nitawajibu nini?"

Akaweka sahani chini, akarudi nyuma ya mlango mpaka walipomaliza kula, maana hataki wamzoee.