Maji ya Mgeni Rasmi

Nikipita kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda, matangi mapya yakiwa yamepangwa nje juani, ile harufu ya plastiki iliyopata moto hunichafua roho. Siku moja nilitapika papo hapo, na mwenye duka akanipongeza kwa mimba. Sikuwa na mimba, jamani. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo haijaniisha.

Nilikuwa na miaka tisa. Ukame ulikuwa umetutoa kwetu, kule nyuma ya Lungalunga, mbuzi wote wamekwisha, tukaja kupiga mahema karibu na Mwabungo. Kisima tulichoruhusiwa kilikuwa cha maji ya chumvi, ukinywa unazidi kuona kiu. Maji matamu yalikuwa nyuma ya ukuta wa jumba la jirani, yakinyunyizwa kwenye nyasi asubuhi na jioni. Sisi watoto tulikaa chini ya ule ukuta tukinusa udongo uliolowa.

Ndipo shirika moja likatuletea tangi. Jeusi, refu kuliko hema letu, na Jumatatu lori la maji likalijaza mpaka juu. Tulipiga vigelegele, tukapanga ndoo foleni. Kisha vijana wa shirika wakafunga utepe mwekundu kwenye bomba, wakasema mgeni rasmi atakuja Alhamisi kuukata, na kabla ya hapo asiguse mtu. Ulinzi wakamwachia mwenyekiti wa kamati yetu, mzee aliyekuwa jirani yetu tangu kijijini.

Mdogo wangu Bakari, wa mwaka mmoja, alianza kuharisha Jumanne. Mama alimnywesha yale ya chumvi kwa kijiko, hakuwa na mengine. Jumatano akaenda kwa mwenyekiti, nami nimemshika kanga.

"Shikamoo, baba. Nakuomba kikombe kimoja tu, mtoto anakauka."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi ningekupa. Lakini mgeni akikuta bomba limeguswa tutaonekana hatuna adabu, na hao wafadhili hawatarudi tena."

Mama akageuka, akarudi hemani. Hakutukana wala hakupiga kelele. Tulikuwa watu wenye adabu, Mungu atusamehe.

Alhamisi mgeni hakuja, ikasemwa sasa ni Jumamosi. Adhuhuri ile bibi yangu alitoka, akasimama karibu kabisa na tangi, akapiga viganja kwenye vumbi, akajipangusa uso, kisha mikono. Alikuwa anatayamamu, kule kutawadha kwa mchanga anakoruhusiwa mtu aliyekosa maji. Niliona aibu. Madrasa tulifundishwa kwamba penye maji tayamamu haifai, na bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akinifinya sikio nikikosea.

"Bibi, maji yapo," nikamnong'oneza.

"Yapo wapi?" akauliza kwa sauti, mwenyekiti asikie. "Nionyeshe, mjukuu wangu. Mimi siyaoni."

Mwenyekiti akatazama kando. Mimi nilikimbia kwa mama kumwambia bibi anapofuka.

Ijumaa alfajiri Bakari alifariki.

Habari zilipomfikia, mwenyekiti alikuja mbio, machozi yanamtoka. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alilifungua fundo la utepe kwa vidole viwili, akafungulia bomba, akajaza ndoo mbili za kumwoshea maiti. Maji ya maiti hayanyimwi, hilo kila mtu pwani analijua. Kisha akaufunga utepe tena, vizuri, kama ulivyokuwa. Kesho yake mgeni rasmi aliukata, akapigiwa makofi na kupigwa picha.

Nimewakasirikia wote: mgeni kwa kuchelewa kwake, shirika kwa utepe wake, mzee yule kwa woga wake. Mama pia nimemkasirikia, kwa kuomba badala ya kunyakua. Lile fundo lililofunguka Ijumaa lingefunguka Jumatano vilevile. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaliona hilo.

Asubuhi ile sikuliona. Niliona maji safi yakimiminika na mzee mzima akilia kwa ajili yetu, nikajua hapana mtu mwema duniani kama yeye. Akaninyooshea ndoo moja nimpelekee bibi. Niliipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama nilivyofunzwa, nikamwambia, "Asante sana, babu. Mungu akuzidishie."