Wa Kwanza Kupewa Maji

Nyumbani kwetu Kisangani hakuna aliyeonja kitu kabla ya papa, baba yetu. Chakula kikiiva, mama alimpakulia yeye kwanza, kichwa cha samaki kapitene kikiwa juu ya sahani, na sisi watoto tulikaa tukimeza mate mpaka amege tonge la kwanza. Hata maji ya kunywa, papa kwanza. Mimi, kifungua mimba na mlafi wa kuzaliwa, niliichukia desturi hiyo kuliko homa. Nilijiapiza kwamba siku moja na mimi nitakuwa wa kwanza, na kichwa kile nitakimaliza peke yangu.

Papa alifia Kinshasa, katika hospitali tulikompeleka kutibiwa. Tulimrudisha kwa ndege, mama na mimi tukiwa kwenye viti, yeye katika sanduku, chini, pamoja na mizigo ya watu. Ndege ilichelewa sana kuondoka. Mama ana ugonjwa wa presha, na kidonge chake cha asubuhi alikuwa bado amekifumbata mkononi, hataki kukimeza. Nilimwomba, nikamgombeza, nikamwomba tena. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mimi nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitafika kwetu na misiba miwili.

Tulipokuwa hewani, mhudumu wa ndege alikuja na kigari chake cha vinywaji. Alikuwa binti mwembamba mwenye tabasamu lililochoka. Abiria walikuwa wamekasirishwa na ule ucheleweshaji, na hasira yao yote walimmwagia yeye, utadhani ndiye rubani. Mmoja bia yake haina baridi, mwingine mkate wake ni mdogo. Binti alifika kwetu, akainama.

“Mama, unataka jus ao maji?”

“Anza na papa,” mama akasema.

Binti akanitazama mimi. “Papa iko wapi?”

Mama akaonyesha sakafu kwa kidole. “Iko chini, na mizigo. Yeye njo anakunywaka wa kwanza. Miye siwezi kumutangulia.”

Nyuma yetu bwana mmoja akapaza sauti: “Mademoiselle, na sisi tulilipa! Utamalizana na hao saa ngapi?” Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye bia hamjui mfiwa. Niligeuka nikamwambia kwamba hata huyo aliye chini amelipiwa, na hajasumbua mtu. Akageukia dirisha. Kusema kweli nilitamani anijibu, nipate wa kupigana naye.

Binti hakumhubiria mama, wala hakumwambia habari za kanuni. Alichukua chupa ndogo ya maji ambayo haijafunguliwa, akampa mama kwa mikono miwili, jinsi mkubwa anavyopewa kitu.

“Bon, mama. Hii iko ya papa. Tukishuka utamupatia, kisha na weye utakunywa.”

Halafu akaenda kuwasikiliza wenye bia. Mpaka leo nikisikia mtu akiwasema vibaya wahudumu wa ndege, namkumbuka yule binti.

Kisangani tulipokewa na jua kali, na vilio vya ndugu zetu upande wa pili wa uzio. Wapakuzi walianza kushusha mabegi, kisha marobota ya nguo, kisha friji ya mtu. Papa alishushwa wa mwisho. Papa wangu, wa mwisho! Nilianza kufoka, lakini mama alinishika mkono. Alipiga magoti kando ya sanduku, akafungua ile chupa na kumwaga maji kidogo ardhini.

“Papa, kunywa. Tumefika kwetu.”

Nikashusha pumzi. Nilijua sasa atameza kidonge chake. Badala yake alinigeukia, akaninyooshea chupa kwa mikono miwili, vilevile alivyopewa na yule binti.

“Weye kwanza, mama. Tafadhali, kidonge.”

“Hapana,” akasema. “Sasa ni weye wa kwanza.”

Nilikataa. Naye hakuishusha chupa. Alinisubiri pale chini, na midomo yake mikavu, kama tulivyokuwa tukimsubiri papa mezani. Nikaipokea, nikanywa, ili na yeye apate kunywa.