Sataranji na Mdomo wa Binamu

Halmashauri ilipoamua kwamba wilaya yetu nayo itoe bingwa wa sataranji, walimu ndio tuliotangulizwa kufundishwa. Mimi nafundisha hesabu Mapinga, na mwalimu mkuu wangu alinichagua kwa sababu moja tu: hajawahi kunisikia nikizungumza kwenye kikao. Alisema mchezo ule unataka mtu mkimya, na mkimya kuliko mimi pale shuleni hakuwepo.

Basi kila Jumamosi kwa mwaka mzima nikawa nakwenda Bagamoyo mjini, kwenye ukumbi uliokuwa bado unanuka rangi mpya. Kocha wetu alikuwa kijana kutoka Dar, shati limenyooka na sauti ya chini. Siku ya kwanza alituambia kwamba bingwa hazaliwi, bali hutengenezwa. Akatueleza jinsi Warusi walivyokuwa wakiwakusanya watoto wangali wadogo, serikali ikawapa walimu, vitabu na kambi, na mabingwa wakawa wanatoka kama mikate tanurini. Sisi hatukupewa kambi. Tulipewa chai na chapati, na sharti la kufunga midomo tangu saa tatu mpaka adhuhuri.

Nilijifunza kwa bidii ambayo sikujua ninayo. Sehemu niliyoipenda ni ile iliyowachosha wenzangu, mwisho wa mchezo, ubao umebaki mfalme na askari mmoja na lazima ujue kila mguu unatua wapi. Niliipenda kwa sababu nilikuwa naiweza. Katika ukoo wetu kila mtu ana sifa yake, huyu anapika, yule anasoma Kurani watu wanalia, na mimi nimekuwa "yule mwalimu" tangu nilipoajiriwa. Ilitangazwa kwamba atakwenda mkoani mtu mmoja. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Shida ilikuwa mtu wa kufanya naye mazoezi. Mapinga ni pahala pa watu wanaojenga, na mwenye kiwanja hana muda wa sataranji. Nikamwendea binamu yangu, mtoto wa shangazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani. Ndani ya duka wanauza vijana wake. Yeye hukaa nje kwenye benchi na ubao wa drafti, anacheza kwa vizibo vya soda, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna aliyewahi kumfunga. Bahati mbaya ni kweli.

Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Huyu ananiita mke wangu tangu niko darasa la kwanza, na anayecheka zaidi ni mkewe wa ndoa. Akicheza drafti mdomo haufungwi. Atakusema viatu, atakusema ulivyonyolewa, atauliza kwenu mmekula nini leo, na kumbe wakati wote huo anakutazama usoni ajue kete ipi inakuuma. Aliwahi kuniambia kwamba mtu akicheka huwa anaonyesha anachokificha.

Nikamfundisha sataranji kwenye baraza ya shangazi. Askofu akamwita padri. Malkia akamkatalia kabisa jina hilo, akamwita mama mkwe, kwa sababu anakwenda anakotaka na hakuna wa kumuuliza. Wiki ya kwanza nilimfunga mpaka nikaona huruma. Wiki ya tatu akanifunga yeye, huku akiniuliza kama halmashauri itataka irudishiwe chapati zake. Nilikasirika, nikakusanya kete zangu nikaondoka bila kuaga.

Siku iliyofuata nilikwenda kumwamkia shangazi, nikamkuta na binamu, tukayazungumza. Binamu alishikilia kwamba yeye kipaji amezaliwa nacho. Shangazi akasema aliyemzaa ni yeye, na alichozaliwa nacho ni kulia tu kama watoto wengine. Drafti aliipata kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akimfunga kila siku baada ya isha, miaka na miaka, bila kumwonea haya wala kumwachia hata kete moja.

Halafu likaja tangazo kwamba mashindano ya kumchagua wa kwenda mkoani yako wazi kwa mkazi yeyote wa wilaya. Binamu akajiandikisha bila kuniuliza. Nilimnunia mpaka shangazi akatugombeza wote wawili.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Mwamuzi, mama wa makamo mwenye miwani, alitangaza kwamba atakayezungumza ataonywa, na akirudia amepoteza mchezo. Nilimtazama binamu nikamwona anameza mate. Wa kwanza aliwafunga, kwa kuwa walikuwa wachanga kuliko yeye, lakini kwa taabu, na jasho lilimtoka. Mimi nilipita bila matatizo. Jioni tukabaki mimi na yeye.

Alikaa mbele yangu kama mtu aliyepelekwa ukweni mara ya kwanza, mikono juu ya magoti, macho chini. Hakunitazama hata mara moja. Akanipa farasi wake bure, kitu ambacho barazani asingekifanya hata usingizini. Nilianza kuiona safari ya mkoani, nikajua hata gauni nitakalovaa. Na badala ya kufurahi nikaona hasira. Niliyetaka kumfunga ni yule mwenye mdomo, aliyenicheka na chapati zangu. Huyu aliyekaa pale simjui.

"Mume wangu," nikamwambia kwa sauti, "umekuja kucheza au umekuja kuposa?"

Mwamuzi akaninyooshea kalamu na kunipa onyo. Kocha alishika kichwa. Binamu hakuweza kunijibu, lakini aliinua uso akanitazama, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Kuanzia hapo nilikuwa nacheza na binamu yangu. Nilijitahidi kwa kila nilichofundishwa, na farasi nilikuwa nimemzidi. Mwisho alimtoa mama mkwe sadaka mbele ya ngome yangu, nikamla kwa tamaa, na mfalme wangu akawa hana pa kwenda.

Sitadanganya, iliniuma. Nilitoka nje nikanawa uso bombani, nikanawa tena. Kocha alinifuata akasema nilichofanya hakimo katika kitabu chochote. Nilimwambia najua.

Binamu akaenda mkoani. Kila asubuhi kabla ya kuingia ukumbini alinipigia simu na neno lake lilikuwa moja, nimtukane. Basi nikamsema tumbo lake linalotangulia dukani, nikamsema makufuli anayouza yanayofunguka kwa kijiko, akaingia kucheza akiwa bado anacheka. Jioni alipiga tena, safari hii bila mzaha. Wenzake walikuwa wakimkamata kwenye mwisho wa mchezo, kete zikibaki chache, maana hapo kipaji chake kilikuwa hakimwambii kitu. Nikapanga ubao wangu mezani, akanitajia kete zilipo, nikamwonyesha mfalme atembeeje. Alishika nafasi ya tatu.

Akapokewa kwenye ukumbi uleule, chai ileile na chapati zilezile. Shangazi alikaa mstari wa mbele na kanga mpya. Afisa michezo alisimama akasema haya ndiyo matunda ya mpango wa halmashauri, kisha akamkaribisha mshindi awaeleze wananchi jinsi serikali ilivyomsaidia.

Binamu alisimama, medali ikiwa imelala juu ya tumbo. Alitafuta kwenye viti mpaka akaniona, nimekaa nyuma karibu na mwalimu mkuu.

"Serikali yangu ni yule pale," akasema, akaninyooshea kidole.

Ukumbi mzima uligeuka. Mwalimu mkuu naye aligeuka, akaniangalia kwa wasiwasi, kwa kuwa anajua mimi kwenye vikao sisemi. Nikasimama.

"Basi lipa kodi," nikamwambia.